Siku Nilipomwita Mfaume kwa Jina la Utoto

Matambarale, Ruangwa

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Umelalaje? Magoti yanasemaje? Na yule mbuzi wako mweusi mwenye kiburi, bado anaingia jikoni bila hodi? Dotto, mdogo wangu, wewe unayesoma, soma polepole na kwa sauti, na usiruke pale nitakapokusema. Simu imenishinda. Mayu hasikii vizuri, mimi napiga kelele mpaka ng'ombe wanageuka kuniangalia, halafu tunaulizana "unasemaje?" mpaka vocha inakwisha. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sisi huku hatujambo kabisa. Mvua zimekuwa nzuri, majani yapo, ng'ombe wananenepa. Mkweo Masanja ni mzima, ila ukimwona hutamjua. Yule mtu aliyekuwa akiwafukuza vijana uwanjani kwa fimbo, akisema mpira ni kazi ya wavivu, siku hizi akisikia kuna mechi ya Namungo, timu ya hapa Ruangwa, anaamka alfajiri kukamua ili awahi. Juzi karudi sauti imemkauka, jezi kaivaa na kofia yake ya kuchungia. Nikamwambia, "Baba Limi, una mvi wewe." Akajibu, "Kwani mvi zinashangilia? Nashangilia mimi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikiwa msichana niliolewa na mzee, sasa nimekuwa mtu mzima naishi na kijana!

Lakini habari niliyotaka kukupa hasa ni ya jirani yangu Bi Somoe na mwanawe.

Bi Somoe ni Mmwera wa hapahapa, mkulima wa korosho na ufuta. Tulipohamia, ndama wetu aliingia shambani kwake, naye akaja na panga mkononi na maneno mdomoni. Siku hiyo nilimwomba msamaha, nikampa maziwa, na tangu hapo tukawa ndugu. Mwanawe wa mwisho alikuwa akiitwa Manyunyu, maana alizaliwa mvua ikinyunya. Mtoto yule alinipenda, mayu. Kila asubuhi alikuja kunywa maziwa kwa kikombe chake cha bati kinachokaa msumarini jikoni, na Kisukuma chetu akakiokota hapohapo. Limi yuko kwa mumewe Geita, wadogo zake wamesambaa na maisha yao. Nyumba ingekuwa kimya kama si Manyunyu.

Likizo iliyopita wakampeleka jandoni na wenzake. Kwa wenyeji wa huku, siku ya kutoka kijana hupewa jina jipya, na lile la utoto linaachwa hukohuko. Kwamba wanapewa jina nilijua. Ambacho sikujua ni kwamba kumwita mtu kwa jina lile la zamani ni kumtukana.

Basi siku ikafika. Ngoma zinalia, akina mama wamevaa khanga za sare, vigelegele kila upande. Wakatokea vijana wamependeza, nguo mpya, kofia, miwani myeusi, kila mmoja na mwavuli juu ya kichwa. Nikamwona wangu. Amerefuka! Mayu, mimi sikujizuia. Nikapasua umati na kibuyu changu cha mtindi, nikapiga ukelele, "Manyunyu wangu! Njoo unywe!"

Ngoma ikanyamaza. Mtoto akainamisha kichwa, hakuitika. Bi Somoe akanigeukia macho yamemtoka: "Mama Limi! Unamtukana mwanangu mbele za watu? Huyu ni Mfaume!" Mimi nikadhani ni utani, nikacheka. Ole wangu! Kile kicheko ndicho kilichoharibu zaidi. Wazee wakasema nitoe kuku wa faini, nami nikarudi nyumbani na mtindi wangu vilevile.

Baada ya hapo Bi Somoe hakuja tena. Mtoto akawa anapita njia ya mbali, ile ya nyuma ya mikorosho, asipite kwangu. Kila nikiingia jikoni nakutana na kile kikombe msumarini. Nililia, mayu, sitakuficha. Nilijiona mgeni kuliko siku tuliyofika. Nikamngoja Masanja aseme maneno yake ya siku zote, kwamba tukusanye ng'ombe tuhame. Akakaa kwenye kigoda, jikoni, Masanja huyuhuyu ambaye kwetu hakukanyaga jiko! Akasema, "Mpelekee kuku wake, umwombe radhi. Zamani ningesema tuhame. Sasa nimewapenda watu hawa."

Nikaenda. Bi Somoe alikuwa anapepeta ufuta, hakuinua uso.

"Nimeleta kuku," nikasema. "Nimekosa, lakini nieleweshe. Jina tu, mwenzangu?"

Akaweka ungo chini. "Mama Limi, kabla hujamzaa huyo Limi uliitwa nani?"

"Kabula."

"Haya. Nikisimama katikati ya soko pale Ruangwa, nikaita, we Kabula, njoo nikupanguse kamasi! Utaitika?"

"Nitakurushia ndoo," nikasema.

Akacheka, ingawa hakutaka. "Sasa mwanangu je? Ameingia kule mtoto, ameumia, amefundwa, ametoka mtu mwingine. Wewe umemchukua umemrudisha mgongoni."

Alisema kweli, mayu. Akapokea kuku, akamfunga mguu kwenye nguzo, akasema, "Mimi yamekwisha. Lakini aliyevunjiwa heshima ni mwenyewe. Halafu ujue, mwanamume mzima hashindi jikoni kwa mama akinyweshwa maziwa. Kwa bibi yake, hapo sawa, anaingia na kumtania. Fikiria."

Nikarudi kufanya mazoezi. Nakamua huku naita: Mfaume. Nafagia: Mfaume. Maana ulimi ulikuwa umezoea, ungenisaliti tena. Nadhani yule ng'ombe wetu mwekundu sasa anajua kwamba anaitwa Mfaume.

Asubuhi moja nikamwona anatoka kule kwenye mikorosho, jembe begani. Nikaenda mpaka kwenye ua. Moyo unanidunda kama wa mwari. Nikaita, "Mfaume!"

Akasimama. Akaniangalia. Kisha akaweka jembe chini, akasema kwa Kisukuma chake cha jikoni kwangu, "Mwangaluka, bibi."

Bibi! Mama yake alikuwa amemwambia. Akaingia, akatazama msumari, akasema kwa sauti ambayo imeanza kukwaruza, "We bibi, kikombe changu umekitunza, au umeshapata mume mwingine?" Masanja alikuwa nje akasikia, akapaza sauti, "Nimeporwa mke mchana kweupe!" Nikammiminia mpaka maziwa yakamwagika, machozi yananitoka na nacheka. Siku hiyohiyo Bi Somoe akaja na sahani ya korosho za kukaanga, na mpaka sasa hajaacha kuniigiza nilivyopasua umati na kibuyu.

Kwa hiyo mwanao ni bibi sasa, na naona nimependeza.

Dotto, sasa zamu yako. Uliniambia kwenye simu mayu siku hizi anataka taa iwake akilala, na anaficha peremende chini ya mto. Wewe ulipokuwa mdogo uliogopa giza mpaka akakulaza ubavuni pake, nakumbuka vizuri. Washa taa, na peremende ununue zile laini.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, shangazi yule wa dagaa, na bibi wa pale kisimani aliyenifundisha kusuka. Masanja anakusalimu sana, anauliza kama redio inashika mpira.

Mayu, kuna jambo moja tu limebaki. Mara ya mwisho tuliposhindana na simu hukusikia hata neno langu moja, lakini kabla haijakatika ulisema, "Kabula wangu, umekula?" Mume ananiita mama Limi, majirani mama Limi, na sasa Mfaume ananiita bibi. Mwingine yeyote akithubutu kuniita Kabula, nitamdai kuku. Wewe niite tu, mayu, tena niite sana. Nimekula, nimeshiba.

Mwanao,
Kabula