Gauni Lililopunguzwa Mara Mbili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kile kikohozi ulichotuandikia kimeshakiacha kifua chako. Sisi huku tupo. Nilianza kuandika kwamba hatujambo, nikafuta, ndiyo maana unaona doa hapo juu. Usiogope: Mama yu hai, amelala chumbani, mlango uko wazi na kutoka hapa mezani nasikia anavyopumua. Baba yuko dukani. Paka amejikunja kwenye kiti chako na siku hizi hakuna anayemfukuza.

Najua Mama Mlezi wa wanovisi husoma barua zenu kabla ya kuwakabidhi. Shikamoo na yeye pia. Leo atasoma mengi, naomba anivumilie.

Utaratibu wetu bado ni uleule. Tangu sukari ianze kumfifisha Mama macho, barua zako namsomea mimi, na zangu kwako namsomea pia, neno kwa neno, kabla sijafunga bahasha. Husikiliza akiwa amefumba macho kama yuko kanisani. Nikimaliza, hunipa maneno yake ya mwisho, nami nayaandika chini. Hata hii nitamsomea akiamka. Ndiyo sababu mwandiko wangu leo unapanda na kushuka. Unanijua, mbele ya watu mimi sina mdomo. Cha kusema kikiwa kichwani kinakwama kooni. Lakini kikishaandikwa, nitakuwa nasoma tu. Nimejiwekea mtego mwenyewe, Dada, na naomba nisije nikauruka.

Ilianza na gauni. Wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, Mama alimwita fundi cherehani aje kutupima, ili siku ya nadhiri zako za kwanza mimi na yeye tuvae kitambaa kimoja, kile cha bluu yenye maua meupe. Shangazi naye alikuwepo, amekuja kunywa chai. Fundi akazungusha futi yake kiunoni mwangu, akasoma namba, halafu akamuuliza Mama kama huyu wa mwisho anashonewa gauni au hema. Shangazi alicheka mpaka chai ikampalia. Mama alicheka. Na mimi nilicheka, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Shuleni walikuwa wakiniita Pipa tangu mwaka wa kwanza, nikawa nimeshazoea, lakini nyumbani nilidhani mimi ni mtu.

Siku chache baadaye nikasoma kwenye simu ya Baba, kwa ile lugha ya shuleni, habari za watu wanaokula mimea tu. Hawagusi nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Wana jina lao, fupi, linasikika safi kama limefuliwa. Palikuwa na picha za ndama, nikazitazama, lakini siwezi kukudanganya wewe: jicho langu lilikwenda kwa wasichana waliosimama kando ya hao ndama, wembamba kama mishumaa ya altareni.

Basi Jumatano ya Majivu, tukiwa mezani na majivu yetu kwenye paji la uso, nikasema kwamba Kwaresima hii naacha vyote hivyo. Mimi, binti wa mwenye bucha. Baba aliuliza kama kuna mteja aliyeitukana nyama yake nikasikia. Kisha akasema haya, mtoto akiacha nyama bucha haifungwi. Mama yeye akauliza nafunga kwa nia gani. Nikanyamaza. Mama hawezi kukaa na kimya, hukijaza mwenyewe. Akasema bila shaka nafunga kwa ajili ya dada yangu, afike salama kwenye nadhiri zake. Wote wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Hivyo tu. Hata mdomo sikuufungua.

Tangu hapo kila kitu kikaenda chenyewe. Mwalimu wa katekisimu alinisimamisha mbele ya darasa la kipaimara, akawaambia wenzangu kwamba mimi nimeacha hata maziwa kwenye chai wakati wao peremende zinawashinda. Kijana mmoja wa nyuma akanong'ona kwamba Pipa limetoboka, linavuja. Wakacheka, lakini safari ile niliona ni sifa. Mama alikuwa akinipikia dengu na maharage kwenye sufuria yake peke yake, isiyoguswa na mafuta ya nyama, na chakula kile kingenitosha kabisa. Lakini nacho nikaanza kukipunguza. Kijiko kimoja, halafu viwili, halafu nikawa nabeba sahani jikoni na kuirudisha dengu yote kwenye sufuria. Hakuna anayemuuliza mtu anayefunga kwa nini sahani yake ni nyeupe. Watu humtazama kwa heshima, na heshima ile mimi sikuwahi kuionja.

Jina likabadilika shuleni. Nikawa Sindano.

Unakumbuka ile mizani kubwa ya chini, iliyo nyuma ya bucha, ambayo Baba hupimia mapaja ya ng'ombe yakiletwa asubuhi? Mimi ndiye ninayetangulia kufungua na kufagia, na nilikuwa navua viatu na kupanda juu yake kabla Baba hajafika. Kila asubuhi, Dada. Namba ikishuka, nashinda nikiimba moyoni. Ikigoma, sili. Siku moja Baba aliwahi. Nilisikia tu pazia la minyororo likilia nyuma yangu, nikageuka, amesimama na aproni yake begani. Alinitazama mimi, akaitazama mizani, akatazama miguu yangu mitupu kwenye bati lile baridi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ile ni mizani ya vitu vilivyokwisha kufa, nishuke. Nikashuka. Kesho yake niliikuta imefunikwa gunia na ndoo imewekwa juu. Hakumwambia Mama, nami sikumwomba asimwambie. Ila tangu siku ile, akiwa anakata nyama, kila mara huinua macho kunitafuta nilipo.

Pasaka ikafika. Mama alikuwa ameniwekea sahani yenye kila kitu nilichoacha, na yai juu, akaisogeza mbele yangu akiwa na furaha kama ni yeye aliyefunga. Niliisukuma ile sahani kando. Ndipo niliposema uongo wa mdomo, siyo wa kichwa tena. Nilisema nimemwahidi Mungu kwamba nitaendelea mpaka siku Dada atakapoweka nadhiri. Baba akasukuma kiti akatoka nje. Mama aliweka kijiko chini, macho yakamjaa machozi, akasema hakujua kama Mungu amempa watawa wawili.

Nilikwenda kuungama Jumamosi iliyofuata. Nilimwambia Paroko kuhusu uvivu, kuhusu wivu wangu kwako, hata kuhusu peni ya mwenzangu niliyokaa nayo wiki nzima. Hili nililiacha nje ya mlango, likanisubiri, tukarudi nyumbani pamoja. Fundi alikuja mara ya kwanza kupunguza gauni, akaja mara ya pili. Mara hiyo ya pili hakutania. Alikunja kitambaa ndani pande zote mbili akakishona, akasema hakati, ataacha hivyohivyo, na alipokuwa akisema alikuwa akimtazama Mama, lakini Mama macho yake hayaoni tena vitu vya mbali kama uso wa fundi.

Sasa nakuja kwenye Jumatano iliyopita. Nilirudi kutoka shule mchana, nikakuta birika linalia jikoni na hakuna anayeliondoa. Mama alikuwa sakafuni kati ya meza na jiko, jasho limemlowesha kama amemwagiwa maji, ananiita kwa jina lako. Nilikimbilia bucha bila viatu. Baba alimbeba, tukamlaza kwenye lile gari la kuletea nyama, kwa sababu ndilo lililokuwepo, juu ya maturubai, kichwa chake mapajani mwangu. Mapaja yangu yalikuwa hayana kitu cha kumlazia mtu. Niliona anavyojisogeza akitafuta mahali laini, na hapakuwepo.

Hospitalini walimtundikia dripu, wakasema sukari imeshuka sana. Nesi, mama mmoja mnene mwenye miwani imefungwa kamba, alimuuliza amekula nini asubuhi na vidonge vyake. Mama akakiri. Alisema amekuwa akifunga. Alisema haiwezekani mtoto mdogo abebe peke yake nadhiri ya dada yake wakati mama mzazi anakunywa chai na mkate, kwa hiyo naye anaungana naye, anaacha cha asubuhi, wakati mwingine na cha mchana. Vidonge alimeza kama kawaida. Nesi alivua miwani. Akauliza huyo mtoto ndiye huyu hapa, akanigeukia, akauliza ninakula nini. Nikasema mimea. Akasema hata tembo anakula mimea, ninakula kiasi gani? Nikatazama dripu ya Mama. Akasema hana ugomvi na mimea, kuna watu wanaishi nayo miaka na miaka na wana nguvu, ila hao wanakula. Akaandika karatasi nirudi Jumatatu, mimi, siyo Mama, na Baba akaikunja akaitia mfukoni.

Baba na Shangazi wanaamini kwamba Mama alifunga kwa siri na kwamba mimi nilishtuka kama wao. Mama mwenyewe anaamini hivyo.

Dada, mimi nilijua.

Wiki tatu kabla hajaanguka nilikuwa natafuta pini kwenye droo yake ya leso, nikakuta vipande vya mkate vimefungwa ndani ya leso, vya siku nne au tano, vingine vimeshaota ukungu. Nilielewa palepale, kwa sababu hata mimi nilikuwa na leso kama hiyo. Niliirudisha kama nilivyoikuta. Kila asubuhi nilimwona akichukua kipande chake na kugeuka dirishani, na nilijua kinakokwenda, na nilijua vidonge vile havimezwi tumbo likiwa tupu, maana maelezo ya kwenye boksi ninayemsomea ni mimi. Nilinyamaza. Siyo kwamba nilisahau au niliogopa kumwaibisha. Nilinyamaza kwa sababu kama ningemwambia ale, angesema basi tule wote.

Huo ndio ukweli, na hakuna sehemu yake hata moja iliyokuwa kwa ajili yako. Nadhiri zako nilizitumia kama gunia lile la Baba, kufunikia mizani. Jana Mama alinishika mkono akasema akipata nguvu ataendelea, tumebakiza wiki chache tu. Ndiyo maana barua hii haiwezi kungoja.

Kuhusu nyama, sijui kama nitairudia. Labda nitawapenda ng'ombe kweli safari hii. Hilo nitaliamua nikiwa nimeshiba.

Nisalimie wanovisi wenzako wote, na yule mwenye kinanda. Niombee. Naacha nafasi hapa chini kwa ajili ya maneno ya Mama, kama atakuwa nayo. Namsikia anaamka.

*

Nimemsomea. Sikuruka.

Nilipofika kwenye leso alifumbua macho. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akakaa kimya, na safari hii hakukijaza, alikiacha kikae na sisi chumbani mpaka nikasikia Baba akishusha mlango wa bucha. Mwishowe akasema alikuwa akidhani anayefichwa jambo ni mimi, kumbe ni yeye. Halafu akakasirika, Dada, kwa namna ambayo hujawahi kumwona. Alisema hataniambia hakuna neno, kwa sababu neno lipo. Alisema ya Mungu nitakwenda kuyamaliza na Paroko, tena mapema, lakini ya kwake yeye tutayamaliza mezani, mara tatu kwa siku, na atakuwa anaipapasa sahani yangu kwa mkono kwa kuwa macho hayamsaidii. Nikasema ndiyo Mama. Akasema hakuuliza.

Kisha akaagiza mkate, karanga za kusaga na lile gauni langu. Mkate aliukata katikati kwa mikono yake, nusu akanipa. Amekaa hapa sasa, gauni limeenea magotini mwake, anatafuta kwa vidole mahali fundi alipokunja, anafumua mshono kwa ncha ya pini, uzi mmoja mmoja, na kila akimaliza kidogo ananisikiliza kama natafuna.

Nimemuuliza maneno yake ya mwisho kwako ni yapi. Anasema nikuandikie kwamba tutakuja wote watatu, na kwamba fundi hakukata kitambaa.

Ni mimi, mdogo wako,
aliyewahi kuwa Pipa, akawa Sindano, na leo amekula.