Picha Moja Ukicheka

Chumba namba 6,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
14 Agosti

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Wifi na watoto wazima? Mimi sijambo, ila meno tu ndiyo yananisumbua, na huu upweke ambao nimeuzoea nusunusu.

Bado niko dobini, napiga pasi mashuka ya hoteli. Wenzangu wanadhani naringa kwa kuwa sicheki nao. Wangejua! Nikitafuna mkate jino linamegeka, na maji ya baridi yananitoa machozi. Mchana nakula peke yangu nyuma ya mashine.

Daktari wa meno alisema hili ni la kurithi: meno yameota ya manjano, bila gamba lake gumu, na tiba ni kuyavika yote vifuniko. Nikapeleka fomu kwenye bima ya kazini. Penye swali kama kuna ndugu mwenye tatizo hili, nikaandika hakuna. Niliona haya kumtaja marehemu Mama, kana kwamba namsengenya. Basi wakajibu kuwa ni uzembe wa kutopiga mswaki, hawalipi. Nimejiponza mwenyewe, Kaka.

Karani wao, mama mmoja mpole, kanishauri nikate rufaa kabla mwezi ujao haujaisha, niambatishe picha ya ndugu mwenye meno kama yangu. Nikavuta boksi la picha chini ya kitanda. Mama kafumba mdomo hata siku ya harusi yake. Wewe umefumba kwenye zote, na mimi vilevile. Utadhani tulikatazwa kusema.

"Kaka yako bado anayo meno hayo?" karani aliniuliza nilipomrudia kumweleza. Miaka tisa hatujaonana, sijui hata umebakiwa na mangapi. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Nakuomba basi upige picha ukicheka, mdomo wazi. Ukishindwa, wifi akutekenye. Nitumie nakala mbili: moja ya bima, nyingine niibandike ukutani kwangu. Hata wakinikatalia tena, hiyo itabaki.

Msalimie sana wifi, na watoto ambao shangazi yao anawajua kwa majina tu. Wachungulie midomoni mapema, wasije wakaishi kwa kujificha kama sisi. Mungu awatunze nyote.

Siku ile shuleni walipotuita Mahindi Mkubwa na Mahindi Mdogo, uliwachekea meno yote nje ili wakutazame wewe, waniache mimi. Cheka hivyo.

Ni mimi nikupendaye,
Mahindi Mdogo