Mtama Uliokaangwa Mbele ya Nyumba

Munywani wangu Rweyemamu,

Pombe yako ya rubisi nimeiharibu kwa kuitengeneza sawasawa. Najua ungecheka mpaka ushike mbavu. Basi cheka, maana sisi huku hatukucheka.

Tangu ile homa ya kisiwani Bumbire ikuchukue, mama yako alikaa chini karibu na nguzo, hasemi, chakula anakigusa tu. Ndugu zako walipokuja Muleba kuondoa matanga, wakasema itengenezwe rubisi kwa ndizi za kibanja chako, na mama anywe wa kwanza. Asipokunywa, msiba haujaisha. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu mimi ni munywani wako, tuliyetafuna pamoja buni ya udugu, na kwa sababu miaka yote mimi ndiye niliyekanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa kukamulia, wewe ukikaanga mtama wa kuichachusha.

Tena ulikaanga vibaya, niache niseme. Kigae chako cha kukaangia ulikiweka mbele ya nyumba, kando ya njia, na kila aliyepita ulimsimamisha kwa salamu. "Wabonaki, waitu? Na nyumbani? Na yule ng'ombe, amezaa?" Hata tarishi wa bomani ulimuuliza habari za mama mkwe wake. Huku nyuma mtama unafuka moshi. Nikikupigia kelele, unanijibu, "Mtama upo tu, Kaijage, mtu ndiye anayepita." Ndiyo maana rubisi yako ilikuwa na uchungu wa kuungua. Watu waliinywa wakikusema, na kesho yake wakarudi.

Nikaamua kwamba angalau safari hii utaagwa kwa rubisi safi. Nilikaangia nyuma, peke yangu, nikikoroga bila kuinua macho. Ilitoka nzuri kweli, wazee wakaisifu. Mama akapewa kibuyu, akakinusa, akakirudisha.

"Nzuri," akasema. "Lakini si ya hapa nyumbani."

Nikaenda migombani nikalia, Rweyemamu. Nilikukasirikia pia, kwa kufa na kuniachia kazi usiyonifundisha.

Ndugu wakakubali kungoja. Ndizi nyingine zilikuwa zimeiva darini, tukakamua upya. Nilidhani kuunguza mtama ni jambo rahisi, nikauchochea moto. Mtama ukawa mkaa mtupu, hata kuku waliukataa. Hapo ndipo nilipobeba kigae chako nikakipeleka mbele, nikaketi pale ulipokuwa unaketi.

Tangu ufe, watu walikuwa wanapita hapo haraka, macho chini. Bibi mmoja mwenye fimbo akasimama. Akanipa pole, akauliza habari za mama, nami nikaona aibu kunyamaza, nikamuuliza habari za mguu wake. Loo, ni mguu wenye habari nyingi. Hajamaliza, akafika mwingine na kahawa yake kichwani, naye akasimama. Mimi uliyeniita jiwe, nilikuwa naongea. Nilikuwa nawasimulia ulivyoanguka mtumbwini ukitaka kunionyesha namna ya kukanyaga.

Ndipo sauti ikatoka ndani, ile ile iliyokuwa ikikukemea wewe siku zote.

"Mtama unaungua huko."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo. Nadhani hata yeye alisikia alichosema, maana alinitazama muda mrefu kabla ya kuja kuketi karibu na kigae.

Kesho yake alikunywa wa kwanza. Akakunja uso kama alivyokuwa akikunja siku zote, akalia, kisha akaomba ndizi na maharage. Ndugu wakaondoa matanga.

Pumzika, munywani wangu. Mama ni wangu sasa, na kibanja chako nitakitunza mpaka mwanao akue. Ndizi nitazikanyaga, na mtama nitaukaangia pale pale mbele ya nyumba. Atakayepita nitamsimamisha, nimuulize na habari za ng'ombe. Mtama ukianza kuungua, mama atanipigia kelele.

Wako,
Kaijage