Watoto Wanne wa Mtunzi

Macon, Jumapili jioni

Dada Verlene,

Natumaini baridi ya Detroit haijakumaliza. Mimi nazidi kunenepa. Kwenye ufunguzi wa maonyesho ya Baba suruali ilinibana hata nikasikiliza muziki nimesimama.

Makumbusho yetu madogo yamempamba mzee: kinanda chake, kurasa za muziki alioutungia okestra, na picha zetu sisi wanawe watatu. Wewe hukuwamo. Nikajitia kukitazama kinanda.

Mama, na kofia yake kubwa ya kanisani, akamwita msimamizi. “Binti, hapa naona watoto watatu. Mume wangu alizaa wanne.”

Dada yetu Claudine akamnong'oneza, “Mama, watu wanasikia!”

“Si ndiyo wasikie! Verlene sikumzaa mimi, lakini vidole vile vya kupiga kinanda ni vya baba yake.”

Tangu uzaliwe, dada, sijawahi kumsikia akilitaja jina lako, hata kwa hasira.

Akakataa kutoka mpaka wapigilie ukutani msumari wa nne, wa picha yako. Umeshapigwa. Tuma picha, au uilete mwenyewe.

Nduguyo asiyejua kupiga hata filimbi,
Thaddeus