Nyumba Isiyopika Samaki

Jumatatu, 3 Februari
Kilomita nane kabla ya shule, hadi chini ya kilima cha Asego na kurudi. Pumzi mbaya. Magoti ya ajuza. Kisha chai na vidonge viwili vya kolini. Muuzaji aliniambia vinasaidia misuli na ubongo. Mbio za walimu zimebaki wiki nne. Nimeanza kumpa Mama pia, maana ubongo wake ndio unaonitisha. Leo ameniita kwa jina la dada yake marehemu. Mara mbili.

Jumamosi, 8 Februari
Kopo linasema viwili kwa siku. Kuanzia leo mimi nanywa vingi zaidi, na Mama pia nampa zaidi. Haraka haraka haina baraka, najua. Lakini Mama anaisha mbele ya macho yangu, na sina muda wa methali.

Alhamisi, 13 Februari
Mama ameamka, akaoga mwenyewe, akavaa gauni la kanisani. Ananiambia eti Baba amerudi, amesikia harufu yake kitandani. Nikacheka. Kisha nikanusa shuka.

Samaki.

Nyumba hii haijapika samaki miaka kumi na tisa. Tangu mtumbwi wa uvuvi wa Baba upinduke ziwani kule Karungu. Mwili haukupatikana, kwa hiyo wazee wakazika tunda la yago mahali pake, kama desturi yetu inavyotaka. Mama alililia tunda. Mimi nilikasirika siku ile na hasira haijaisha.

Jumapili, 16 Februari
Nimefua shuka, mapazia, hata blanketi. Harufu ipo. Nimenyunyiza maji ya baraka chumbani kwa Mama. Mimi, mwalimu wa baiolojia.

Mama anaandaa sahani ya tatu mezani. Anaongea na kiti kitupu, anakula kuliko alivyokula mwaka mzima. Siwezi kukipa kile kiti mgongo. Naogopa, basi.

Jumanne, 18 Februari
Nimekaa tu katika chumba cha walimu, wenzangu wakafungua madirisha yote. Yule wa kemia, ambaye mdomo wake hauna mlango, ameniuliza kama siku hizi nauza dagaa wa omena. Nimenuna. Halafu nikanusa kola yangu.

Nimepitia kwa mfamasia na kopo. Kolini ikizidi, amesema, inatoka na jasho na mkojo, na harufu yake ni hiyohiyo ya samaki. Niache, na Mama aache.

Kumbe Baba hakurudi. Harufu ni yetu, mimi na Mama. Nilicheka njiani peke yangu kama mwehu. Nilipofika nyumbani nikalia, kana kwamba amekufa jana.

Jumatatu, 24 Februari
Siku ya sita bila vidonge. Nyumba inanuka sabuni tu. Mama ameketi mlangoni tangu asubuhi, uji umepoa mapajani. Ameniuliza nimemkosea nini baba yangu hadi aondoke bila kuaga.

Kopo liko juu ya kabati. Nimelishusha, nikalirudisha. Nikalishusha tena.

Alhamisi, 27 Februari
Mama amekula vijiko vitatu vya uji tu. Mifupa ya mabega yake inaonekana. Sikukimbia leo wala jana. Kopo nimelitupa chooni, nisije nikashindwa.

Jumamosi, 1 Machi
Siku ya mbio. Sikwenda. Nimekwenda sokoni, nikanunua samaki mmoja, ngege mkubwa. Nimempara magamba mwenyewe. Acha niandike ukweli: nilitaka harufu imdanganye Mama. Nikaweka sahani tatu.

Amenusa mvuke muda mrefu.

"Huyu ni samaki tu, Atieno," akasema. Jina langu, baada ya miezi. "Baba yako alikufa. Tulizika yago."

Akainuka, akairudisha sahani ya tatu kabatini. Kisha akaketi akala. Alikuwa akinitolea miiba kama nilipokuwa mdogo, na minofu akiisukuma upande wangu. Nimekula yote.