Chungu cha Mama na Elektroni za Cornelius

Shangazi Kageha mpendwa, niokoe mtoto wa watu, maana nimekwama na hapa Lurambi sina wa kumwambia bila mji mzima kujua kufikia jioni. Mimi ni binti wa mhunzi, na kwetu kijana akitaka kuoa huleta jembe jipya, baba analigonga mbele ya wazee asikie linavyolia, likilia vizuri tunakula ingokho, kuku wa heshima, na mambo yanaendelea, basi Jumamosi iliyopita Cornelius wangu, anayefundisha sayansi, akaleta jembe, likalia vizuri, kila mtu akatabasamu, na badala ya kuketi, Shangazi, akaanza kusomesha! Eti ndani ya chuma kuna vitu vidogo sana vinaitwa elektroni, havina mwenyewe, vinazurura chuma kizima, leo kwa huyu kesho kwa yule, na huko kuzurura ndiko kunakoshikilia chuma kisivunjike. Baba akauliza, "Na nyumba yako itakuwanga hivyo? Binti yangu leo kwa huyu kesho kwa yule?" Mjomba Shitanda akaangua kicheko, "Kumbe hata vyuma vimepata Uhuru!" Cornelius akaona anachekwa, akashika nyundo, akagonga bonge la chumvi likasambaratika, akagonga msumari ukalala bapa, kisha, ole wangu, akatangaza kwamba hakuna chuma kinachovunjika, akakitandika chungu cha mama, kile cha chuma cha kusubu, cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, alichoachiwa na Mzungu aliyehama Lugari, kikapasuka vipande viwili na kuku wetu ndani! Mama alilia, baba akatupa jembe nje ya ua akasema mkwe mwongo hamtaki, na tangu hapo anajifungia kiwandani kwake, kila siku anatuma aletewe chumvi hadi mama analalamika mboga hazina ladha, nami nampenda Cornelius, hata huo mdomo wake naupenda, je, nitoroke naye Mumias au nimwache?

Nanjala, Lurambi

Nanjala, pole sana, hasa kwa kuku.

Huyo Cornelius wako ana akili, lakini adabu ya kuitumia hana. Nani humweleza baba mkwe habari za kuzurura siku ya posa? Jamani! Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa reli Kisumu, na haya mambo aliniambia mpaka uji ukapoa, ila yeye alisema hivi: ni kama matangani. Kila nyumba inatoa kidogo, vyote vinawekwa jikoni pamoja, na hakuna anayeuliza changu kiko wapi. Atomu za chuma nazo hutoa elektroni zao za nje, zikawa za wote, na hizo za wote ndizo zinazozishika pamoja. Ukigonga, safu za atomu zinateleza lakini hakuna inayoachwa, ndiyo maana msumari ulilala bapa. Elektroni hizo hizo hupitisha umeme, husambaza joto mpaka koleo likakuunguza, na mwanga ukizifikia zinaurudisha, jembe likang'aa. Chumvi haina jiko la pamoja. Chembe zake zimepangwa chanya kwa hasi, ukizisogeza zinazofanana zinakutana, zinafukuzana, na bonge linapasuka.

Na chungu je? Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi iliyotapakaa ndani kama vipande vyembamba, na ufa hupita hapo hapo. Kwa hiyo mwalimu hakuwa mwongo. Alikuwa na kiherehere tu, na kiherehere kinatibika.

Usitoroke! Mumias utakwenda kufanya nini, kuhesabu miwa? Kwanza Cornelius ampelekee mama chungu kingine, ampe kwa mikono miwili, na asiseme kimeundwa kwa chuma gani. Kisha aingie kiwandani kwa mzee, avute mivukuto ya kupulizia moto, akiri kwamba kuhusu chungu alikosea, na ya elektroni ayaeleze kwa matanga, si kwa uzururaji.

Unaogopa atafukuzwa? Ewe msichana, umeniandikia jibu mwenyewe na hukuliona. Mzee kajifungia na nyundo na chumvi. Unadhani anailamba? Anaigonga! Yale maneno yamemwingia, hayamtoki, na aibu ndiyo inayomzuia kumwita kijana amalizie somo.

Mtume Cornelius Jumamosi hii. Na abebe chumvi.