Mashine ya Baba Isiuzwe Kwanza

Matema, Ziwa Nyasa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba naye nampa shikamoo yake, ila umfikishie bila kumwambia kuna barua, maana hii ni yako peke yako. Nimemkabidhi utingo wa basi la Dar aiache Mikumi kwa Shangazi, na Shangazi ameahidi kuja nayo Kilosa mwenyewe akuwekee mkononi. Kwa simu nimeshindwa. Wewe ukipokea simu unaweka sauti ya nje, na nyumba nzima inanisalimia kabla hujasema haloo.

Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua masika kimepona, na chakula nakula. Goti lako linaendeleaje? Bado unakwenda shamba la Mvumi kwa miguu na kurudi na kuni, au umekubali mara moja tu maishani kupanda bodaboda?

Nimesikia kwa Kaka Hamisi kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja kuitazama mashine ya kusaga na kwamba Baba amekubali iende. Kaka alinieleza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetoa habari za mvua. Mimi nilikaa chini. Naomba sana, Mama, isiuzwe kwanza. Nina sababu, na sababu yenyewe imetokana na mashine ya boti, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Unajua kazi yangu ni kuendesha boti ya Mzee Ambokile. Nawapeleka watu na sukari na sabuni kwenye vijiji vya chini ya milima, ambako barabara haifiki, na nikirudi nawapakia wafinyanzi wa Ikombe na vyungu vyao kwa ajili ya soko la hapa Matema. Mashine ya boti hiyo ni kuukuu, rangi imebabuka hata maandishi hayasomeki. Siku za karibuni ilianza tabia mbaya. Boti ikiwa tupu inakimbia vizuri kabisa. Ukiipakia, inaondoka kwa nguvu, lakini mkifika mbali sauti inashuka, inalegea, mwisho mnatambaa.

Tulibadilisha plagi. Tulifungua kabureta tukaisafisha. Tulimwaga petroli yote tukatia mpya, tukakagua pangaboi kama limenasa wavu. Kila mara tukiijaribu ufukweni, boti tupu, inanguruma na sisi tunapeana mikono. Kesho yake tukipakia, yale yale. Mzee Ambokile akakata tamaa, akaniambia, "Mwanangu, hii imezeeka tu. Tupunguze mzigo, siku ikifa tuizike."

Mama, maneno hayo nilishawahi kuyasikia. Baba aliyasema siku alipofunga mlango wa chumba cha mashine na kukuambia uweke kuku humo ukitaka.

Tangu siku ile usingizi ukawa wa shida, nawaza nyumbani. Unakumbuka ilivyokuwa ikiwashwa asubuhi, mpaka watu wa ng'ambo ya mto Mkondoa wanajua Mzee Salumu ameamka? Unakumbuka Baba akitoka na nyusi nyeupe za unga, na wewe unamkataza kukalia kochi? Asubuhi za baridi tulikuwa tunapenyeza mikono kwenye unga unaoshuka, wenye moto, mpaka anatufukuza kwa kelele. Huku kuna ndizi, kuna mchele, kuna samaki wa kila namna, nisimnyime Mungu shukrani. Lakini unga nanunua dukani, wa mfuko, wa baridi, na simjui aliyeusaga.

Nikakumbuka pia jinsi ilivyoanza kuharibika. Ikizungushwa tupu ilikuwa inaunguruma mchana kutwa. Mahindi yakimiminwa, debe moja linapita, linalofuata inalegea, halafu inazima. Baba akifungua tangi kuongeza dizeli, inapata nguvu tena. Alikuwa anasema, "Hii imezira kama bi harusi, mpaka ibembelezwe." Fundi aliyeitwa akasema ringi za pistoni zimekwisha, na Baba akaamini.

Sasa sikiliza yaliyonipata Jumamosi ya soko. Nilikuwa natoka Ikombe, boti imejaa vyungu vilivyozungushiwa nyasi, na akina mama wafinyanzi wamekaa katikati yake. Upepo ukageuka. Mashine ikaanza kulegea kama kawaida yake, na mawimbi yakawa yanatupiga ubavuni. Mimi mtu wa Kilosa, maji niliyoyazoea ni ya Mkondoa kuingia ndani kwetu, si mimi kuingia ndani yake. Niliogopa, sikufichi. Nikawaambia itabidi tutose baadhi ya vyungu.

Mmoja wao, Bibi Tusekile, mtu mzima kabisa, akanitazama. "Jitose wewe kwanza, mjukuu wangu. Vyungu hivi nimevifinyanga kwa mikono yangu. Wewe umefinyanga nini?"

Wenzake wakacheka, katika mawimbi yale!

Kwa aibu nikainama nikashika kile kipira cha kuminya kinachovuta petroli kutoka tangini. Kilikuwa kimebonyea, kimenywea chote. Nikadhani petroli imekwisha, nikataka kuchungulia. Juu ya kifuniko cha tangi Mzee Ambokile alikuwa amefunga nailoni kwa mpira, amekaza haswa, ili maji ya mawimbi yasiingie. Nikaikata kwa kisu na kulegeza kifuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, mpaka na wao wakasikia. Kipira kikajaa chenyewe. Mashine ikaita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, na boti ikainua pua na mzigo wake wote.

"Kumbe mmeiziba pua," akasema Bibi Tusekile, "halafu mnasema imezeeka."

Ndivyo ilivyo, Mama. Petroli ikitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake, na kifuniko kina kitundu kwa kazi hiyo. Mashine ikienda bila mzigo inakunywa kidogo kidogo, huoni shida. Ikibeba mzigo inakunywa sana, tangi linabana, na petroli haiji tena. Ukifungua hewa inaingia, na inapata nguvu kwa muda.

Tulipofika Matema niliwashusha akina mama, kisha nikakaa mchangani na kukuona wewe akilini. Mama, wewe unafunika hata vilivyofunikwa. Kifuniko cha tangi la dizeli kilipotea mwaka ule maji yalipoingia ndani. Ukaleta kile cha dumu la mafuta ya kula, kikakaa kana kwamba kilitengenezwa pale. Juu yake ukaweka nailoni, ukafunga kwa mpira wa baiskeli, ukasema sasa vumbi la unga halitaingia kwenye dizeli. Na kweli halikuingia. Hata hewa haikuingia. Baada ya hapo ndipo mashine ilipoanza kuzira.

Usilie, tafadhali. Ulikuwa unailinda, na fundi mzima hakuiona nailoni ile iliyokuwa mbele ya macho yake. Cheka kidogo, halafu unisaidie.

Baba akienda kuswali alasiri, toa nailoni. Pasha moto msumari mwembamba utoboe kifuniko, kitundu kidogo tu, kisha ukifunike kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Akirudi mwambie unga umekuishia na goti halikuruhusu kwenda mbali, umsihi akusagie nyumbani. Mwache awashe mwenyewe na amimine mahindi mwenyewe, mengi, si kibaba. Usimwambie kuwa nimekuelekeza mimi. Ikipata nguvu, ipate mikononi mwake. Huenda ringi nazo kweli zimechoka, siwezi kuapa nikiwa huku. Ikigoma, Kaka amwite mnunuzi na lori lake, na mimi sitasema neno.

Nisalimie Kaka Hamisi na shemeji, na watoto wao ambao najua wamerefuka bila kuniomba ruhusa. Shangazi mshukuru, na kama bahasha imefika imefunguliwa, mwambie namsamehe, ila afunge mdomo. Jirani yetu Mama Joni mwambie sala zake za kuniombea nisizame zinanifikia.

Mara ya mwisho nilipokuja nilikaa na Baba barazani asubuhi. Akina mama walikuwa wanapita na ndoo za mahindi kichwani kwenda kwenye mashine ya umeme kule stesheni. Wakifika usawa wa mlango wetu wanaongeza mwendo, wanamwamkia bila kugeuka, kwa sababu wanamwonea haya. Baba alimwitikia kila mmoja marahaba yake, halafu akawa anatazama mikono yake. Sitaki kumwona hivyo tena. Toboa kile kifuniko, Mama.

Mwanao,
Shabani